Sabuni Isiyotoa Povu: Nilivyoisoma Dodoma Kabla ya Kununua Nyumba

Sabuni ilikataa kutoa povu. Nilikuwa nimesimama kwenye sinki la jiko la nyumba niliyokwisha kuipenda, dalali yuko sebuleni anaongea na simu, nami nasugua mikono kwa kipande cha sabuni ya mche nilichokikuta dirishani. Nikaongeza maji, nikasugua tena. Mikononi kikabaki utando mweupe unaonata. Nikalitazama bomba: mdomoni limeota ukoko mgumu, kama chokaa iliyokaukia pale. Nikalamba kidole. Chumvi.

"Hayo ya kisima tu, mama," dalali akasema aliporudi. "Ya bomba yanatoka siku za mgao."

Hiyo ilikuwa Julai 2019, siku yangu ya pili Dodoma. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, vigae vipya, geti jeusi na mwarobaini mkubwa mbele ya ukuta. Bei milioni 85, inazungumzika. Kwenye mkoba nilikuwa na milioni mbili za kishika uchumba, nimezihesabu mara mbili kwenye basi. Ile chumvi ndiyo iliyonizuia nisizitoe, nami hadi leo namshukuru Mungu kwa kile kipande cha sabuni, maana chumvi ilikuwa tatizo dogo kuliko yote ya nyumba ile.

Mimi ni mhasibu katika taasisi ya umma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa na TANU mwaka 1973, kwa hiyo watu wa rika langu tumekua tukiusikia bila kuuona. Rais Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba serikali yote inahamia, safari hii watu walifunga mizigo kweli. Barua yangu ya uhamisho ilinikuta na watoto wawili wa shule ya msingi, mume mwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo asiloweza kulifunga, na nyumba ya kupanga Tabata. Tulikuwa na akiba kidogo na kiwanja Chanika tulichokuwa tayari kukiuza. Tukasema: tumepanga miaka kumi na mbili, Dodoma tununue, tumalize.

Haraka ile ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu naiona kwa kila mtu anayeletwa huku kikazi. Unajua tarehe ya kuripoti, unasikia bei za viwanja zinapanda kila mwezi, na kila aliyetangulia anakwambia angenunua mapema angekuwa mbali. Nami kwa miezi mitatu niliichunguza Dodoma nikiwa Tabata, kwenye simu. Nilizungumza na madalali wanne. Picha za nyumba nilizo nazo zilikuwa zaidi ya mia. Niliyajua majina ya mitaa yote, Kisasa, Ilazo, Ipagala, Nkuhungu, Miyuji, Iyumbu, Nzuguni, na niliweza kumwambia mtu upi uko karibu na Mji wa Serikali wa Mtumba na upi uko karibu na Chuo Kikuu. Nilijiona nimeusoma mji.

Sikuwa nimeusoma. Picha haina chumvi. Tena niliowauliza, wafanyakazi wenzangu waliotangulia, walikuwa na miezi sita, wengine minane. Hili nimelielewa baadaye sana. Sensa ya 2012 iliikuta Dodoma mjini ina watu kama 411,000, ile ya 2022 ikawakuta zaidi ya 765,000. Maana yake ukimsimamisha mtu barabarani ukamwuliza habari za mtaa, kuna uwezekano mkubwa naye amekuja juzi. Atakujibu kwa moyo mweupe kabisa, lakini anakueleza kiangazi kimoja alichokiona. Na Dodoma ina mvua ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Miezi saba yote iliyobaki ardhi ni kavu, anga la buluu, na kila kiwanja kinaonekana kizuri.

Niliporudi Tabata na zile milioni mbili, mume wangu alisikiliza habari ya sabuni, akakaa kimya, halafu akasema, "Mama Neema, kapange kwanza. Mvua ikunyeshee ukiwa ndani ya nyumba ya mtu." Nilikasirika. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo niliiona ni hela ya kutupa. Leo naihesabu kuwa ndiyo hela iliyofanya kazi kubwa kuliko zote tulizotumia.

Tukapanga Ilazo, nyumba ya vyumba viwili ndani ya ua wa mama mmoja mstaafu wa ualimu. Nikaanza upya kuusoma mji, mara hii kwa miguu. Jambo la kwanza nililolipima ni mwendo. Dalali alikuwa akinipa umbali kwa dakika za gari lake la Jumamosi mchana. Mimi nikawa kila nikisikia mtaa unasifiwa, naamka saa kumi na moja na nusu alfajiri siku ya kazi, naenda kwa bodaboda hadi mtaani pale, kisha natoka pale kwenda kazini kama mkazi. Mtumba iko kilomita kama 17 kutoka katikati ya mji, upande wa barabara ya Dar es Salaam. Kuna mitaa ambayo kwenye ramani ni jirani na Mtumba, lakini daladala hazipiti, na bajaji ya kufika lami tu inakula nauli ya siku nzima. Mitaa miwili niliifuta kwa njia hiyo. Shule na zahanati nilivikagua pia, lakini hivyo havikunipa taabu, kila mzazi anajua cha kutazama.

Maji niliyasoma kwa ndoo. Sehemu kubwa ya maji ya mji inatoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, kaskazini, na mji umekua kuliko visima, kwa hiyo mgao ni jambo la kawaida. Swali la "kuna maji?" kila mwenye nyumba atalijibu ndiyo. Nikajifunza kuuliza mengine: maji yanatoka siku zipi, saa ngapi, na yanapanda kwenye tenki la juu au lazima pampu? Na sikumwuliza mwenye nyumba. Nilimwuliza kijana anayesukuma mkokoteni wa madumu. Yule anajua mtaa gani unamnunua kila siku na mtaa gani unamnunua mara moja kwa wiki, kwa sababu ndiyo riziki yake. Na kwenye kila nyumba niliyoonyeshwa, nilikuwa na sabuni yangu kwenye mkoba. Povu likikataa, nauliza kama bomba lile ni la kisima.

Kisha ikaja Januari 2020.

Mvua ilinyesha usiku wa Alhamisi hadi karibu na alfajiri. Jumamosi, nikiwa na buti za mpira za mwenye nyumba wangu, nilipanda bajaji hadi kwenye ile nyumba ya geti jeusi. Hatukufika. Dereva alisimama mbali kidogo akasema, "Dada, mimi hapa mwisho." Barabara niliyoipita Julai ikiwa vumbi tupu ilikuwa imegeuka tope jeusi linalonyonya buti, na pale niliposimama mwarobaini niliuona ukiwa katikati ya maji yaliyotuama. Mama wa nyumba ya pili alikuwa mlangoni anakamua dekio. Nikamsalimu, nikajieleza. Akanikaribisha ndani bila kusita. Miguu ya kitanda chake ilikuwa juu ya tofali, mbili mbili, na zile tofali zilikuwa zimezeeka pale, zina alama za miaka. Ukutani, juu kidogo ya goti, kulikuwa na mstari wa kahawia ulionyooka kama umepigwa rula. Akaniambia, "Kila Januari. Hapa zamani palikuwa bwawa la ng'ombe." Alisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nawaza watoto wangu juu ya kitanda chenye tofali.

Nyumba ya pili niliyokaribia kuinunua haikuwa na tatizo la maji wala tope. Tatizo lilikuwa kwenye ndoa. Muuzaji alikuwa mzee wa makamo, mpole, mwenye hati iliyotunzwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni. Nilikuwa tayari nimejua kwamba hati za Dodoma zina historia yake. Kwa zaidi ya miaka arobaini ardhi ya mji ilisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wenyeji wote wanaiita CDA, hadi ilipovunjwa Mei 2017 na shughuli zake kwenda kwa manispaa. Kwa hiyo karatasi za zamani bado zinazunguka mikononi mwa watu, na karatasi kuwa na mhuri hakutoshi. Nilifanya upekuzi kwa msajili wa hati, nikalipa ada, majibu yakaja: jina ni lake, hakuna mkopo wa benki, hakuna zuio. Nikafurahi.

Lakini upekuzi unakwambia kilichoandikishwa tu. Nilipomwambia mwenye nyumba wangu, yule mwalimu mstaafu, akaniuliza swali moja: "Mke wake umemwona?" Nikasema muuzaji ameniambia mkewe yuko kijijini na amekubali. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, amekubali kwa mdomo wa nani?"

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Nilikuwa nalijua hilo kwa kulisikia, kama tunavyojua mambo mengi. Jirani mmoja alinipa namba ya yule mama. Nilipiga simu Jumapili jioni. Nilimsikia akiwaambia watu alio nao wanyamaze, halafu akaniuliza taratibu, "Nyumba ipi?" Ilikuwa nyumba ile. Alikuwa shambani kwa wazazi wake anavuna zabibu, hajui kitu. Matofali ya nyumba ile, akaniambia, alikuwa akiyabeba kichwani akiwa na mimba ya kitinda mimba wake.

Nilimwomba radhi ingawa sikuwa na kosa. Naandika hili kwa uchungu kwa sababu ningeweza kulipa, nikapewa funguo, nikapaka rangi, nikiwa nimeketi juu ya jasho la mwanamke mwenzangu. Na mahakama ingempa haki, nami ningebaki namfukuza mzee asiye na hela tena. Tangu siku ile nikiulizwa nyaraka gani ni ya kwanza, sisemi hati. Nasema ridhaa ya mwenza, iliyosainiwa mbele ya wakili, mwenza akiwa amekaa pale kwenye kiti na wewe umemwona kwa macho.

Baada ya hapo nilipumzika miezi miwili. Mume wangu alikuwa akija kwa basi, anatoka Dar Ijumaa jioni anafika usiku wa manane, anarudi Jumapili. Hatukuwa na treni ya kisasa wakati ule. Safari za SGR hadi Dodoma zimeanza mwishoni mwa Julai 2024, na sasa anafika kwa saa nne au pungufu. Nalitaja hili kwa sababu tulipokuwa tunapiga hesabu ya kuhama, hatukuiandika gharama ya mume kuishi barabarani, nayo ilikuwa kubwa, ya hela na ya afya yake. Familia inayogawanyika ihesabu hilo kabla ya kuhesabu vigae.

Aliyenifundisha udongo ni babu mmoja Mgogo, jirani yetu pale Ilazo, aliyekuwa akikaa kwenye kiti chake nje ya ukuta kila jioni. Nilikuwa nimejifunza kusema "Mbukwenyi" kabla ya shikamoo, na hilo lilimfurahisha kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza. Siku moja nikamweleza kuhusu nyumba ya mwarobaini. Akacheka, akaniuliza kama najua maana ya jina la mji huu. Akanisimulia lile linalosimuliwa na wengi: tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito, akanasa kwenye tope, akazama, watu wakasema kwa Kigogo, idodomya, kumezama. "Mmekuja na lori za saruji," akasema, "mnajenga pale tembo alipozama."

Akanichorea kwa fimbo yake mchangani wapi ni mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi, na wapi ardhi inapanda kuelekea vilima vya mawe na udongo unakuwa mwekundu wenye changarawe. Jumamosi iliyofuata nikamlipa fundi muashi anifuate. Alichofanya ni kitu rahisi ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya. Kwenye kona ya kiwanja, kwa ruhusa, alichimba shimo la kina cha mkono, akachukua konzi ya udongo wa chini, akaulowesha, akausokota viganjani. Kwenye kiwanja cha kwanza udongo ulisokoteka kama kamba ndefu nyembamba bila kukatika. "Huu ukinywa unavimba, ukikauka unasinyaa," akasema. "Nyumba yako itakuwa inapanda na kushuka kila mwaka." Tukaingia ndani ya nyumba iliyokuwa inauzwa pale. Ukuta wa chumbani ulikuwa umepakwa rangi mpya, lakini nyuma ya kabati kulikuwa na mstari mweupe zaidi ya rangi, wa jasi mbichi, unaotoka kona ya dirisha kwenda darini kwa mshazari. Juu, ambako mkono wa mpaka jasi haukufika, ufa ulikuwa wazi. Fundi akatoa sarafu ya shilingi mia mbili, akaisimamisha kwa ubavu, ikaingia bila kusukumwa.

Na hapa Bonde la Ufa halipo mbali. Tangu nifike nimeshaamshwa mara kadhaa na kitanda kinachotikisika. Nyumba yenye msingi mbovu juu ya mfinyanzi haihitaji tetemeko kubwa.

Tulichonunua mwishowe, Septemba 2020, ni pagale. Kuta zimesimama, mkanda wa zege juu ya kuta umefungwa, bati hakuna. Liko Miyuji, kwenye mwinuko, udongo mwekundu wenye kokoto, ule ambao mkononi mwa fundi ulikatika vipande vipande. Kuta zilikuwa zimeshakaa misimu miwili ya mvua bila plasta, kwa hiyo kama zingekuwa na ufa tungeuona; hilo ndilo jema la pagale, haliwezi kuficha kitu. Kabla ya kulipa, mpima ardhi alikuja na mchoro wa mipango miji, akatafuta bikoni zote nne, yale mawe ya mipaka ya kiwanja. Tatu zilionekana. Ya nne tuliikuta ndani ya ua wa jirani, imezungukwa na migomba, na ikabidi mwenyekiti wa mtaa aitwe na sote watatu tukubaliane mstari kabla sijatoa hata senti. Tulikagua pia njia ya barabara mpya ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3, na hifadhi ya barabara zilizo karibu, maana alama nyekundu ya X ukutani, ile ya nyumba ya kubomolewa, haijali ulinunua kwa nani. Wauzaji walikuwa mke na mume. Walikuja wote wawili kwa wakili, na fedha zilipita benki. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida anayopata mtu akiuza mali, ni ya muuzaji kisheria, lakini tuliiandika wazi kwenye mkataba nani ataibeba, kwa sababu watu wengi huku wanaigundua siku ya kuhamisha hati na urafiki unaishia pale.

Kuna nililolikosa. Upepo. Kuanzia Julai hadi Oktoba unavuma karibu kila mchana kutoka mashariki na kusini mashariki, na unabeba vumbi jekundu la mji mzima. Jiko letu limetazama huko huko. Ningekuwa nimesimama kwenye lile pagale saa nane mchana mwezi wa nane badala ya asubuhi, ningehamisha dirisha kabla ya kupiga plasta. Sasa nafunika sufuria, na tumepanda mihogo na michongoma upande ule ili ipunguze makali.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa ofisini kwetu, amehamishwa kutoka Mwanza na mkewe ana mtoto mchanga, alinijia mezani na simu. Anataka kununua haraka, dalali amempa wiki moja. Akanionyesha picha. Vigae vimebadilishwa, ukuta umepakwa rangi ya maziwa, geti sasa ni la kijivu. Mwarobaini ni ule ule.

Nilimweka chini nikamweleza yote. Mtu wa Mwanza hawezi kuamini kwamba ardhi kavu vile inaweza kushika maji, na sikumlaumu. Wamepanga Ipagala kwa miezi sita. Tumekubaliana kwamba mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, Jumamosi yake nitampitia na buti, twende wote hadi pale bajaji itakapoishia.